Yanayosemwa Tulia Kuhusu Watu wa Chama

Hapa Tulia, kama kwingineko Kitui Magharibi, shule moja ya umma huwa na wafanyakazi wa aina mbili wanaopita lango lile lile. Mwalimu aliyeajiriwa na tume ya kuajiri walimu, TSC, hupokea mshahara wake kupitia benki kila mwisho wa mwezi. Hati yake ya malipo inaonyesha kila kitu: mshahara wa msingi, marupurupu ya nyumba, ya usafiri, kodi, NSSF, bima ya afya, mkopo wa sacco, na mstari mmoja mfupi wa makato ya chama cha walimu, KNUT au KUPPET. Hatua chache kutoka chumba cha walimu kuna jiko. Mpishi amewasha kuni kabla ya alfajiri ili isyo, mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, iive kabla ya saa saba, na macho yake ni mekundu kwa moshi. Mwajiri wake ni bodi ya shule. Hulipwa taslimu, mara nyingi baada ya karo kuingia, na karo ikichelewa naye anachelewa. Hana barua ya kazi. Akilazwa hospitali, mtu mwingine anashika mwiko wake, na hakuna anayejua kama atakaporudi atakuta nafasi.

Mpishi huyu ana chama chake cha wafanyakazi. Kinaitwa KUDHEIHA, na jina lake kamili linataja wafanyakazi wa majumbani, wa hoteli, wa taasisi za elimu na wa hospitali. Nimewauliza wapishi na walinzi wa shule kadhaa kwa nini hawajajiunga. Si mchango unaowazuia. "Mwalimu, mimi sitaki mambo ya kelele," aliniambia mama mmoja huku akipepeta mahindi ya muthokoi, na akaendelea kunieleza watu wa chama wakoje: wavivu, wachochezi, wala rushwa, wasiojali watoto. Maneno hayo hayakuanzia kwake. Yanasemwa steji, yanasemwa dukani, wakati mwingine yanasemwa na wenyekiti wa bodi wenyewe. Mimi nimekuwa mwanachama wa chama cha walimu kwa muda mrefu, msomaji ajue nasimama wapi. Ninayajibu kwa sababu yanamgharimu mama huyu zaidi ya mtu yeyote.

"Watu wa chama ni wavivu. Kazi hawataki, pesa wanataka."

Hili husikika zaidi siku mgomo unapotangazwa. Lakini mtu mvivu ana njia iliyo rahisi kuliko kugoma. Anaweza kuingia darasani akiwa amechelewa, akawapa watoto kazi ya kunakili, akaketi na kungoja mwisho wa mwezi. Mshahara wake hautaguswa hata shilingi. Anayegoma ndiye anayeuweka mshahara huo hatarini.

Tazama mwaka 2015. Mwezi Juni, Jaji Nduma Nderi wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi aliamua walimu waongezwe mishahara kwa asilimia 50 hadi 60. Serikali ikasema haina pesa hizo. Muhula wa tatu ulipofunguliwa, walimu hawakwenda darasani kwa wiki tano hivi, na TSC ikazuia mshahara wa Septemba. Kwa familia ya mwalimu wa hapa, mwezi usio na mshahara ni mkopo wa sacco usiolipwa, ni deni dukani, ni mtoto wake mwenyewe wa sekondari kukosa karo. Novemba, Mahakama ya Rufani ikabatilisha nyongeza ile. Walishindwa, na hasara ya Septemba wakaibeba. Waliendelea kuzungumza hivyo hivyo, na Oktoba 2016 TSC ikatia sahihi mkataba wa makubaliano ya pamoja na vyama vya walimu, wa shilingi bilioni 54, kwa miaka 2017 hadi 2021. Mvivu hana subira ya namna hiyo.

Na kuna jambo ninalotaka majirani zangu walifikirie. Kamati ya maji ikitafuta katibu wa kuandika kumbukumbu za bwawa la mchanga, inamtafuta nani? Kanisa likitaka mtu wa kushika daftari la michango ya jengo, linamwita nani? Mara nyingi ni mwalimu yule yule tunayemwita mvivu akigoma. Tunamwamini na pesa zetu na maji yetu mwaka mzima, halafu wiki moja tu ya mgomo inatutosha kumgeuza mtu mwingine.

"Chama ni uchochezi. Tena ni mambo ya kigeni, hayakuwa desturi yetu Ukambani."

Shutuma ya uchochezi ni kongwe kuliko wote wanaoirudia leo, na walioanza kutupiwa ni watu ambao leo tunafundisha majina yao shuleni. Makhan Singh, aliyefika Kenya kutoka Punjab akiwa kijana mwaka 1927, alisaidia kuanzisha mwaka 1935 chama cha wafanyakazi kilichokubali watu wa rangi zote, jambo lisilofikirika katika nchi iliyogawanywa kwa rangi hadi vyooni. Tarehe 1 Mei 1949 yeye na Fred Kubai wakaunda shirikisho la vyama vya Afrika Mashariki. Aprili 1950, kwenye Ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, alisimama akadai uhuru waziwazi. Mwezi uliofuata alikamatwa, na hakuachiliwa hadi Oktoba 1961. Alikaa kizuizini zaidi ya miaka kumi na moja, muda mrefu kuliko Jomo Kenyatta.

Kule Mombasa, Januari 1947, wafanyakazi wapatao 15,000 waliweka kazi chini: wa bandari, wa reli, wa mahoteli na watumishi wa majumbani pia. Kutoka mgomo ule kukaimarika shirikisho la wafanyakazi Waafrika likiongozwa na Chege Kibachia. Serikali ililazimika kuunda baraza la kuamua mishahara chini ya Jaji Thacker, na baraza hilo likaongeza malipo. Kibachia alikamatwa mwaka huo huo akapelekwa kizuizini Baringo. Thacker huyo ndiye baadaye aliyewahukumu Kenyatta na wenzake Kapenguria. Watawala wa wakati ule walijua vizuri kwamba kibarua aliyejifunza kudai posho atajifunza kudai nchi, na kwa hilo hawakukosea.

Kuhusu desturi, wanaosema Wakamba hawajui kudai kwa pamoja wamesahau mwaka 1938. Serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwapunguzia watu wa Machakos ng'ombe kwa nguvu, kiwanda cha nyama cha Liebig kikingoja Athi River. Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya watu, wanaume na wanawake, hadi Nairobi kwa miguu, wakapiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa wakidai kuonana na gavana. Yeye alipelekwa uhamishoni Lamu, lakini unyang'anyi wa mifugo kwa lazima ukaachwa kabla mwaka kuisha. Wale hawakuwa chama cha wafanyakazi, walikuwa wafugaji. Walichofanya ndicho ambacho chama hufanya: kukataa kuzungumza mmoja mmoja na mtu mwenye nguvu kuliko kila mmoja wao. Wala mwethya, kazi ya kusaidiana kwa zamu, haukuletwa na mzungu. Mama zetu wamechimba matuta na kujenga nyumba kwa mwethya, kila mmoja akijua kwamba asipokuja siku ya mwenzake hatamwona mtu siku yake.

Niongeze jambo moja ambalo hata walimu vijana wengi hawalijui. Kabla ya uhuru, mwalimu wa Ukambani aliajiriwa na misheni, au na bodi ya elimu ya wilaya. Kila mwajiri alikuwa na masharti yake, mishahara haikulingana, na mwalimu wa misheni angeweza kufutwa kwa mambo ya nyumbani kwake. KNUT ilipoundwa Desemba 1957, dai lake kubwa lilikuwa mwajiri mmoja kwa walimu wote nchini. Ilichukua takriban miaka kumi ya madai na migomo. TSC ilianzishwa mwaka 1967. Tunaposema "mwalimu ni mtu wa serikali, ana bahati," tunazungumzia kitu ambacho chama kilikidai hadi kikapatikana.

"Mgomo unaumiza watoto na wagonjwa, na wao hawajali."

Sitajibu hili kwa haraka, kwa sababu sehemu yake ni kweli. Madaktari walipogoma kuanzia tarehe 5 Desemba 2016 hadi 14 Machi 2017, siku mia moja, walioumia ni watu kama wa Tulia. Mwenye pesa alikwenda hospitali ya kibinafsi. Asiyekuwa nazo alifika hospitali ya Kauwi au ile kuu ya Kitui, akakuta vitanda na hakuna wa kumtibu. Wauguzi nao waligoma mwaka 2017 kwa takriban miezi mitano. Kuna familia zilizozika watu katika miezi ile ambazo zinaamini mpaka leo kwamba daktari angekuwapo, mpendwa wao angekuwapo. Hakuna mwanachama mwenye utu anayeweza kuwaambia wamekosea.

Ninachowaomba ni kutazama nyuma ya siku ya kwanza ya mgomo. Madaktari walitia sahihi mkataba na serikali Juni 2013. Ulikuwa na mambo ya mishahara, na ulikuwa pia na mambo ya kuajiri madaktari zaidi na kuboresha mazingira ya kazi. Mkataba huo ulikaa zaidi ya miaka mitatu bila kutekelezwa. Katika muda huo wote hospitali zetu ziliendelea kuwa na daktari mmoja anayefanya kazi ya wanne, na wagonjwa waliendelea kuumia bila mgomo wowote, taratibu, bila kamera. Wakati mgomo ulipokuwa ukiendelea, Februari 2017, viongozi saba wa chama cha madaktari walifungwa jela kwa kudharau mahakama, kisha wakatolewa siku chache baadaye mazungumzo yaendelee. Aliyekalia mkataba huo hakulala korokoroni hata usiku mmoja.

Historia ikajirudia 2024. Mkataba wa madaktari wa 2017 uliweka malipo ya daktari mwanagenzi kuwa takriban shilingi 206,000 kwa mwezi. Serikali ikataka kuwalipa 70,000. Mgomo ulioanza katikati ya Machi uliisha tarehe 8 Mei, baada ya siku 56, na jambo la wanagenzi likabaki likivutana hadi Desemba, ilipokubaliwa walipwe kama mkataba ulivyosema. Jiulize: ikiwa mwishoni kiwango kilikuwa kile kile kilichoandikwa, siku zile 56 zilimfaa nani? Zingeweza kuepukwa Januari kwa kuheshimu karatasi iliyokwisha kutiwa sahihi.

Upande wa elimu tuna mfano ulio karibu zaidi, kwa sababu karibu kila sekondari msingi hapa iliuona. Walimu vijana wapatao 46,000, wenye vyeti na usajili kamili wa TSC, waliwekwa kazini kama wanagenzi kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Mwanagenzi alifundisha sayansi na hisabati, akasimamia michezo, akajaza kumbukumbu za watoto, huku mwenzake aliyeajiriwa kwa mkataba wa kudumu akifanya kazi ile ile kwa zaidi ya mara mbili ya malipo. Aprili 2024 Jaji Byram Ongaya aliamua kwamba kuwaweka walimu waliohitimu na kusajiliwa katika unagenzi ni kinyume cha sheria. Kesi ile ilifunguliwa na shirika la kutetea haki, na sifa hiyo ni yake. Lakini waliotoka barabarani wiki kadhaa wakidai uamuzi huo utekelezwe walikuwa walimu wenyewe, na KUPPET ikasimama nao. Kuanzia Januari 2025 walianza kupewa ajira ya kudumu. Mtoto wa Tulia aliyekosa masomo ya wiki zile alipoteza kitu, sikatai. Lakini mtoto huyo alikuwa tayari anapoteza kitu kila siku, kwa kufundishwa na mtu asiyejua kama mwaka ujao atakuwa na kazi.

Hapa nina msimamo ambao haupendwi na baadhi ya wenzangu. Chumba cha dharura na wodi ya akina mama wanaojifungua havipaswi kufungwa kamwe, hata haki iwe upande wa wanaogoma kiasi gani. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inataka notisi ya siku saba na upatanisho kabla ya mgomo, na inazuia migomo katika huduma muhimu. Chama kinachopanga zamu za dharura kabla ya kutoka nje kina nguvu zaidi mbele ya umma. Kusema hivyo ni tofauti kabisa na kusema daktari hajali.

"Viongozi wa vyama wanakula michango ya wanachama."

Kwa dai hili nina machungu yangu pia. Wapo viongozi waliokaa ofisini miongo. Francis Atwoli alishika ukatibu mkuu wa COTU, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, mwaka 2001 na akakaa nao zaidi ya miaka ishirini. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa ni mfanyakazi mtu mzima. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na vyama vyetu vimewasifu wagema wao kupita kiasi. Mwanachama anayelipa karibu asilimia mbili ya mshahara wake wa msingi ana haki ya kuuliza gari kubwa limetoka wapi.

Lakini neno linalofuata ndilo linalonikera: "kwa hiyo chama hakina maana." Sacco ngapi katika kaunti hii zimeporwa na wahasibu wao? Vyama vya ushirika vingapi vya wakulima vimefilisika mikononi mwa wenyeviti? Hatukuacha kuweka akiba. Tuliwaondoa watu, tukabadilisha sahihi za benki, tukaendelea. Sheria ya 2007 inalazimisha chama kufanya uchaguzi angalau kila miaka mitano, kuweka hesabu na kuzipeleka kwa Msajili wa vyama kila mwaka zikiwa zimekaguliwa. Mwanachama anayo haki ya kuziona. Wangapi kati yetu tumewahi kwenda mkutano wa tawi tukaomba kuzisoma? Asiyekuwapo na lake halipo, na kiti kitupu cha mwanachama ndicho kiongozi mbaya anachokipenda zaidi.

Kuna funzo la karibuni ambalo kila mwalimu analijua, ingawa tunalieleza kwa namna tofauti. Mwaka 2019, baada ya uamuzi wa mahakama kuhusu namna ya kuwapandisha walimu vyeo, TSC ilichukua msimamo kwamba wanachama wa KNUT hawatapata manufaa yaliyobaki ya mkataba ule wa 2017 hadi 2021. Walimu waliona nyongeza ya wenzao wa KUPPET ikiingia na yao haiji. Wakaanza kujiondoa kwa makumi ya maelfu. KNUT, iliyokuwa na wanachama zaidi ya 180,000, ilibaki na sehemu ndogo tu, ofisi za matawi zikashindwa kulipa kodi ya nyumba na wafanyakazi wao. Juni 2021 katibu mkuu wake, Wilson Sossion, akaachia ngazi na wajumbe wakamchagua Collins Oyuu.

Wengine wanasoma hadithi hii kama ushahidi kwamba vyama havina kazi. Mimi naisoma kwa namna mbili. Kwanza, mwajiri alijitahidi sana kupunguza nguvu ya chama hicho, na hakuna mtu anayepigana na kitu kisicho na maana. Pili, wanachama walionyesha kwamba kiongozi akishindwa kuelewana nao au na mwajiri wao, wana miguu na wana kura. Walimu walihama, walirudi, walichagua. Mpishi wa shule hana hata fursa ya kumkasirikia kiongozi wake, kwa sababu hana.

"Ukileta chama, biashara itafungwa na kazi zitaisha."

Wenye kusema haya wanapaswa kutuonyesha ni kazi gani za Kitui na Makueni zilizouawa na chama. Wazee wanakumbuka pamba. Ilikuwa zao la pesa katika kaunti hizi mbili, na vinu vya kuchambulia pamba vilikuwa vikinguruma. Pamba ilikufa kwa sababu wakulima walikaa miezi na miaka bila kulipwa, kisha soko huria la miaka ya 1990 na marobota ya mitumba yakamalizia viwanda vya nguo vilivyokuwa vikiinunua. Hakuna mgomo wa wafanyakazi katika hadithi hiyo. Kwa upande mwingine, chama cha wafanyakazi wa mashamba, KPAWU, kimekuwapo tangu 1963, na kilimo cha chai, maua na mkonge kiliendelea kwa miongo yote hiyo. Mkonge wa Dwa kule Kibwezi ulikuwapo enzi za ukoloni na bado unaonekana kutoka barabara ya Mombasa.

Ni kweli mashine zimefika. Kericho zimechukua kazi ya wachuma chai, na Mei 2023 hasira ilipanda hadi zikachomwa moto. Waajiri walisema mishahara imekuwa ghali. Mashine ingekuja tu siku ambayo ingekuwa nafuu kuliko mkono wa mtu, chama kiwepo kisiwepo. Tofauti ni kama mchumaji ataachishwa kazi akiwa na mtu wa kujadili fidia yake, au ataambiwa kwa mdomo asirudi kesho.

Na wenye maduka wa Tulia wafungue daftari zao za mikopo. Unga, mabati, simenti na sare za shule hulipiwa lini? Hulipiwa mshahara wa mwalimu, wa muuguzi na wa polisi unapoingia. Mpishi akiongezwa elfu tatu, hatazipeleka Dubai. Atazitumia hapo hapo sokoni.

"Sheria ipo. Mfanyakazi mzuri hahitaji chama, mwajiri atamwona mwenyewe."

Sheria ipo, na ni nzuri. Ibara ya 41 ya Katiba ya 2010 inampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki, mazingira mazuri ya kazi, kujiunga na chama na kugoma. Sheria ya Ajira ya 2007 inadai mkataba wa maandishi kwa kazi ya miezi mitatu au zaidi, siku 21 za likizo yenye malipo kwa mwaka, na miezi mitatu ya uzazi kwa mama. Inasema pia kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi hahesabiki tena kuwa wa kutwa. Sheria hizo za 2007 ziliandaliwa na serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi wakiwa meza moja. Anayesema sheria inatosha anasifu matunda ya kazi ya chama.

Sasa mpime mpishi wetu kwa sheria hiyo. Amepika miaka mingi, kwa hiyo kibarua si kibarua tena, na haki zote hizo ni zake. Hajazipata hata moja. Nani atamwambia mwenyekiti wa bodi? Afisa wa kazi yuko mjini Kitui na ana kaunti nzima ya kukagua. Mama akienda peke yake kulalamika, anajua kuna wengine kumi wanaotaka mwiko ule. Akiwa peke yake mnyonge hana haki, hata iwe imeandikwa kwa wino wa dhahabu.

Kima cha chini cha mshahara pia hakikutazami ulivyo mzuri kazini. Agizo lililoanza Novemba 2024 liliweka kiwango cha kibarua wa kawaida Nairobi, Mombasa na Kisumu kuwa shilingi 16,113 na senti. Sisi wa Tulia tumo katika kundi linaloitwa maeneo mengine yote, na kiwango chetu katika agizo hilo kilikuwa kama 8,600. Mpishi yuko daraja la juu kidogo, na marupurupu ya nyumba yanatakiwa kuongezwa juu yake, lakini pengo kati ya mji na soko la kijijini lilikuwa lile lile karibu nusu. Sukari ya Tulia haiuzwi nusu ya bei ya sukari ya Nairobi. Pengo hilo litazibwa mezani pa kujadili mishahara, na katika meza hiyo mfanyakazi husemewa na vyama pekee.

"Hayo ni ya walimu na madaktari. Sisi vibarua hayatuhusu."

Watumishi wa majumbani walikuwamo katika mgomo wa Mombasa wa 1947. Juni 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189 unaosema kazi ya nyumbani ni kazi kama nyingine, baada ya miaka ya kampeni ya wafanyakazi wenyewe na vyama vyao. Mabinti wangapi wa Kitui na Makueni wameondoka na begi moja kwenda kulea watoto wa watu Nairobi, na baadaye Riyadh na Doha? Wamebezwa kwa kabila lao na kwa kazi yao. Wao ndio hasa ambao KUDHEIHA inawataja kwanza katika jina lake.

Mama wa jikoni aliniuliza swali moja tu la kweli mwishoni mwa mazungumzo yetu: "Na wakinifuta?" Kumfuta mtu kazi kwa sababu amejiunga na chama si halali chini ya kifungu cha 46 cha Sheria ya Ajira. Hatari inapungua pia asipokuwa peke yake: mpishi, msaidizi wake, mlinzi wa usiku, karani na mtu wa shamba la shule wakitia sahihi pamoja, na walinzi na wapishi wa shule jirani wakafanya hivyo hivyo. Wanachama wakipita nusu ya wafanyakazi wanaohusika, sheria inamtaka mwajiri akitambue chama na kuketi nacho kujadili mkataba. Fomu yenyewe inaitwa Fomu S. Ni ya ukurasa mmoja, yenye jina, namba ya kitambulisho na sahihi. Mwajiri akishakabidhiwa, baada ya waziri kutoa agizo la makato kwa chama hicho, ana siku 30 za kuanza kukata mchango, na mbele ya sheria hiyo bodi ya shule ni mwajiri kama mwajiri mwingine yeyote.